Kanga Chini ya Mlango

Juzi fundi wa gesi alikuja kwangu Randburg, kitongoji cha Johannesburg, kuunga hita mpya, maana baridi ya Juni imeshaanza kuuma. Alipomaliza akanionya nisije nikaziba kitundu cha hewa alichotoboa ukutani. Nikamwitikia, nikampa chai, na alipoondoka nikaingia chumbani nikalia. Nikwambie kwa nini, ndugu yangu, maana sijawahi kumwambia mtu.

Utotoni tuliishi Joubert Park, ghorofa ya sita: mimi, baba, mama na bibi mzaa baba, aliyetoka Tanga akiwa mtu mzima na hakuisamehe baridi ya Johannesburg hata siku moja. Umeme ulikuwa ukikatika ovyo, basi baba akanunua hita ya gesi ya magurudumu, mtungi wake mgongoni. Mwenye hita akawa bibi. Kila mtungi ulipobadilishwa aliupaka mpira wa gesi povu la sabuni, akainama kuangalia kama kuna panapovuja. "Tahadhari kabla ya hatari," alizoea kusema, na mimi ndiye mshika bakuli. Nyumba ilinukia udi na samaki wa nazi ya kopo. Nilimpenda sana bibi yule.

Jirani yetu, fundi cherehani Mkongo, alimwonya mara nyingi. "Mama, uache dirisha wazi kidogo. Ile moto inakulaka hewa."

Bibi alimcheka. "Gesi ikivuja nitaisikia, mwanangu. Pua hii ya Tanga!"

Na kweli, gesi mbichi angeisikia. Ila hewa mbaya ya moto uliofungiwa ndani haina harufu, na hilo hatukulijua. Kwetu jiko la mkaa hukaa uani, upepo ukapita. Nani angetufundisha?

Alasiri ya Jumamosi moja kulikuwa na harusi ya watu wa kwetu. Bibi akatandaza nguo zake juu ya kikapu, akaweka chetezo chini yake, udi ukaanza kufuka. Nguo za harusi hufukizwa chumba kikiwa kimefungwa, harufu iingie hasa. Hita nayo ikawaka pembeni. Akaniita kutoka ndani, "Mjukuu wangu, nizibie hapo chini ya mlango." Nikakunja kanga kuukuu, nikaisukuma kwa vidole mpaka mwanya wote ukajaa. Nilijiona fundi. Kisha nikarudi sebuleni kutazama katuni, mama akiwa jikoni anakaanga sambusa.

Mama alipokwenda kumhimiza avae, alimkuta amelala ubavu kwenye mkeka. Hakuamka tena.

Baba alirudi kutoka kazini akakuta majirani wamejaa. Akaiokota ile kanga sakafuni, akauliza nani aliyeziba mlango. Nikafungua mdomo. Mama akanishika bega, akasema, "Mimi."

Baba hakumgombeza. Lakini msimu wote ule wa baridi hakugusa chakula alichopika mama. Harufu ya udi haikusikika tena nyumbani kwetu. Mama hakulizungumza jambo lile nami, wala mimi sikuthubutu kulianza.

Mwaka jana tulimzika mama. Tulipotoka makaburini baba aliniegemea, machozi yakimtoka, akaniambia kwamba alikwisha kumsamehe. Nikamshika mkono, nikamwongoza hadi kwenye gari.