Wadudu wa kutembea kundi kwenye mpichi wa mama nusura wanipeleke Makongolosi

Wakuu, za jioni. Kisa hiki ni changu mwenyewe, na mti upo, anayebisha aje auone.

Mimi ni mtu wa ndani. Nina form four yangu, nakaa kwa mama huku Iyunga, na kama unga upo sioni sababu ya kuvuka geti.

Juzi kati mama alienda Kihesa, Iringa, kumwangalia dada aliyejifungua. Akaniachia mpichi wake anaoupenda kuliko mimi.

"Mti huu ukifa, unaenda Makongolosi kwa mjomba wako ukachimbe dhahabu."

Wakuu, mimi na sururu wapi na wapi?

Asubuhi moja nikaona doa la kahawia kwenye shina. Nikasogea. Doa likahama!

Vidudu vidogo kama punje za ulezi, vinatembea pamoja kama ng'ombe wanaoswagwa. Ukileta kidole kushoto, kundi zima linaenda kulia.

Nikamwita jirani, Mama Tumpe. Akatazama, akakaza kitenge.

"Mwanangu, wadudu wenye nidhamu hivi si bure. Umemkosea nani?"

"Nimkosee nani, mama, na mimi sitoki hata nje?"

"Ndo maana wamekufuata ndani."

Nikasema hapana, twende na sayansi. Nikakoroga sabuni ya unga, pilipili kichaa na mafuta ya taa, nikapiga mti mzima kwa bomba la shambani. Upepo ukageuka. Nililia mpaka watu wakaja kuuliza msiba ni wa nani.

Kesho yake majani yote yameungua, yamejikunja. Wadudu je? Wamehamia upande wa pili wa shina, wanajitembelea.

Ndipo nikakumbuka Google (akili za form four hizo). Kumbe wanaitwa barklice. Mti hawali! Wanakula ukungu na uchafu wa kwenye gome.

Yaani wao walikuwa wanafanya usafi. Mdudu mharibifu nilikuwa mimi.

Mama akarudi. Akauzunguka mti, akakwangua gome kwa ukucha. Ndani bado mbichi. Nikapumua.

"Utachipua," akasema. "Wewe ndo sina uhakika."

Bado nipo Iyunga, namwagilia kila asubuhi bila kukumbushwa.

Funzo: kabla hujashika bomba, angalia kwanza kama kuna hata jani moja lililoliwa.

Wenyeji wa huku, kwa Kihehe au Kinyakyusa hawa tunawaitaje? Na mnaocheka, tajeni kwanza miti mliyoiunguza nyie.