Mtiki wa mama

Jamani, leo nimemdanganya baba.

Chuoni tunaunda boti ya tanga. Nilimwambia tu natafuta mti wa mlingoti.

Asubuhi nikapiga hesabu. Kamba zikikazwa pande zote, zinaukandamiza mlingoti kwenda chini. Ukiwa mwembamba unapinda, unavunjika. Mtiki wetu wa nyumbani Kilole ni mwembamba mno.

Nafika nyumbani kumwambia, mtiki uko chini! Ameshaubambua magome, ameupaka mafuta.

Mtiki ambao marehemu mama aliupanda pale alipozika kitovu changu.

"Sasa mama yako naye ataiona bahari," baba anasema, anacheka mwenyewe. "Au hautahimili?"

"Utahimili, baba."

Nimekaa hapa kwenye kisiki. Bado kibichi.

Nyie mngemjibuje?