Yuko eda ndani, nami nikaipeleka sauti yake dukani

Aliyekosa ni mimi. Nalisema mwanzo kabisa ili msije mkatafuta mwingine wa kumlaumu. Sikulazimishwa, sikulewa, wala sikuwa mtoto. Hapa Tanga sina tena uso wa kumweleza mtu, kwa hiyo nawaeleza ninyi msionijua.

Shule niliiacha darasa la sita. Si kwa ujinga, bali sikuweza kutulia. Nimekata mkonge, nimewapeleka wageni ufukweni Ushongo kuangalia samaki, nimetengeneza simu vibarazani kwa watu. Kila nilipofika nilikuwa na ugonjwa mmoja: nikiona kitu kinafanya kazi, lazima nikifungue nijue kwa nini. Nikishajua, nahama.

Aliyenifanya nikae ni Bi Mwanaidi.

Alikuwa mtangazaji wa asubuhi katika redio yetu ndogo, ghorofani huko Chumbageni, juu ya duka la vitambaa la mzee wa Kihindi aliyekuwa mwenye redio. Siku hiyo nilipanda kutengeneza feni tu. Nikamaliza, nikabaki nimeduwaa mbele ya mitambo. Mzee akataka kunifukuza.

"Mwache," Bi Mwanaidi akasema, "huyu anaangalia mashine kama paka anavyoangalia samaki. Atatufaa."

Basi nikafaa. Alinifundisha kazi, akanilisha kwake, nikamwita mama.

Kipindi chake kilikuwa cha salamu, watoto waliopotea, na tanzia. Mtu akifa Pangani alfajiri, ndugu zake wa Muheza walisikia kwa Bi Mwanaidi na kuwahi maziko. Kicheko chake watu walikijua kabla hajataja jina. Wengine walikuja kutoka vijijini na mafungu ya mihogo, ati wamemletea "mtu wetu wa redioni".

Mzee akachoka, wanawe wako ng'ambo, akaiuza redio. Ikanunuliwa na kampuni kubwa kutoka Dar.

Walileta kiyoyozi, rangi mpya na viti vya kuzunguka. Vipindi vyote vikawa vinatoka Dar. Mvuvi wa Pangani akawa anaamshwa kwa habari za foleni za magari mjini Dar! Tanzia zikafutwa, eti zinamharibia msikilizaji furaha. Tukabaki watu watatu: meneja mpya, mlinzi, na mimi wa mitambo. Bi Mwanaidi aliambiwa mkataba wake umekwisha, na mama wa watu hakuwahi kuwa na mkataba.

Haukupita muda, wenye maduka wakaanza kulalamika. Walisema tangazo lisilo na sauti ya Bi Mwanaidi halimtoi mtu nyumbani. Meneja akanifuata.

"Hatuna hata rekodi zake?"

Hapo ndipo! Ningesema hapana, yangeishia hapo.

"Bosi, ninazo zote," nikasema. "Tena si kuzirudia tu. Naweza kumfanya aseme chochote."

"Chochote?"

"Wewe niandikie tu."

Nilisema kwa kujisifu, na kwa ule ugonjwa wangu. Kampuni ilikuwa na programu ya kompyuta ambayo ukiilisha sauti ya mtu inajifunza, kisha inasema maneno ambayo mwenyewe hakuwahi kuyatamka. Nilikuwa nawashwa kuijaribu. Ilipotamka sentensi ya kwanza kwa sauti ya Bi Mwanaidi, na pumzi zake, na kile kicheko, nilipiga makofi peke yangu. Nilipiga makofi, wallahi!

Asubuhi ya kwanza alinipigia simu.

"Wee mwanangu, mbona nimo redioni na niko jikoni nakuna nazi?"

"Majaribio tu, mama."

Akacheka. "Haya. Ila usinisemeshe uongo."

"Siwezi, mama."

Kisha mumewe, Mzee Athumani, akafariki.

Jeneza nilibeba nami. Bi Mwanaidi akaingia eda, na mnajua eda ilivyo kwetu pwani: mjane anakaa ndani kumstahi marehemu, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Mwanamke anayeivunja hasahauliki.

Nikiwa palepale makaburini nikakumbuka tangazo lililokuwa linangoja kompyutani. La duka la manukato la Usagara, hapahapa mjini. Nililitengeneza mwenyewe, na lilikuwa linaanza wiki iliyofuata. Sauti ya Bi Mwanaidi inasema: "Mie leo nimejifukiza udi, nimejitia marashi, nanukia mpaka najishangaa! Nipo hapa dukani Usagara, njooni wanawake wenzangu!" Halafu kicheko.

Nilikwenda kwa meneja. "Bosi, yule mama kafiwa na mume. Yuko eda."

"Mpe pole zangu," akasema. "Sauti haikufiwa. Mteja anasubiri."

Nikarudi kwenye mitambo. Ningeweza kulifuta kwa kidole kimoja. Lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na kiti, na kitambulisho shingoni, na sikutaka kuhama.

Tangazo likaenda hewani asubuhi, mchana na jioni.

Majirani waliomwona Bi Mwanaidi ndani kwake walijua ni uongo. Lakini wakwe zake walikuwa wamesharudi Pangani baada ya matanga, na Pangani wanasikia redio tu. Wifi yake, Bi Zaina, dada wa marehemu, alimpigia Rehema, binti wa Bi Mwanaidi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko ndani, shangazi."

"Ndani ya duka?"

Rehema akaapa, hakuaminiwa. Bi Zaina akafunga safari kuja kujionea, na akaanzia redioni.

Sasa sikilizeni ubaya wangu ulipo.

Watu walikuwa bado wanakuja kumwulizia Bi Mwanaidi. Meneja alituamuru tuwajibu neno moja: ametoka sasa hivi. Nilikuwa nimelisema mara nyingi mpaka linatoka lenyewe. Siku hiyo nimeinama nafunga waya, nikasikia sauti ya mwanamke mlangoni.

"Namtaka Mwanaidi."

"Ametoka sasa hivi, mama."

Nikainua kichwa. Alikuwa Bi Zaina! Kwenye matanga alinipa pole kama mtoto wa nyumba ile. Akanitazama machoni, na redio ya ukutani ikaanza lile tangazo, marashi na kicheko chake.

"Ametoka?" akaniuliza taratibu.

Maneno ya kweli yalikuwa mdomoni. Meneja akatokea nyuma yangu, anatabasamu. "Karibu mama, tukupe kalenda yetu?"

"Ndiyo," nikamjibu Bi Zaina. "Ametoka."

Hakuichukua kalenda. Akashuka. Nilisikia kandambili zake zikipiga kila ngazi mpaka chini, na mimi nimekaa.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Bi Mwanaidi, akamkuta ameketi juu ya jamvi lake na msahafu.

"Alaa! Umewahi kurudi, wifi," akamwambia mbele ya wanawake waliokuwapo. "Na marashi umeshayaosha?"

Bi Mwanaidi hakujua hata anaulizwa nini; Rehema alikuwa amemficha habari za lile tangazo. Bi Zaina akamwambia kuwa mtoto wake wa redioni ndiye aliyethibitisha. Kisha akasema maneno ya kumwapiza ambayo siwezi kuyaandika hapa, akatoka.

Ilipofika arobaini, wakwe wakasoma khitma yao Pangani, peke yao. Kwa Bi Mwanaidi masufuria yalijaa pilau na mikeka ikabaki mitupu. Hata baadhi ya jamaa wa hapahapa mjini hawakuja. Mke wa ndoa ya ujana mpaka uzee, anamsomea mumewe arobaini na watu wa kuhesabika, kama aliyefanya aibu!

Nilikwenda jioni ile. Mjane wa eda haonani na mwanamume asiye maharimu wake, kwa hiyo nikasimama ukumbini, yeye yuko nyuma ya pazia, na Rehema katikati.

"Umefuata nini?" Rehema akanivaa. "Sauti imewaishia, umekuja kuchota nyingine?"

Bi Mwanaidi akasema kwa ndani, akimwambia bintiye, si mimi. "Mwulize, ni kweli wifi yangu alimwona, akamwambia nimetoka?"

Rehema hakurudia swali. Alinitazama tu.

"Ni kweli, mama," nikasema.

Akamwambia tena bintiye: "Mwambie aende Pangani, akaseme kweli kama alivyosema uongo."

Nikaapa nitakwenda kesho yake. Sikwenda. Kwenda ilikuwa kukiri kwamba redio inawadanganya watu, na hapo kazi imekwisha. Kila asubuhi nikajipa siku nyingine.

Nilikwenda lini? Kampuni iliponiachisha. Mitambo ilianza kuendeshwa kutoka Dar, pamoja na sauti yake niliyowatengenezea kwa mikono yangu, na mimi sikuhitajika. Pangani nilikwenda nikiwa sina tena cha kupoteza, na huo si ujasiri. Msinipe sifa hiyo.

Bi Zaina hakuniamini mpaka nilipomwonyesha kwenye simu jinsi sauti inavyotengenezwa. Akashika mdomo.

"Kwa nini hukunikimbilia pale ngazini?" akaniuliza. "Nimemwapiza mke wa kaka yangu mbele ya watu. Watu wale nitawakusanya wapi tena?"

Akafunga safari tena.

Alikuja Tanga kumwomba wifi yake radhi, nasikia walilia pamoja, wakapatana. Lakini arobaini ya Mzee Athumani imeshapita, hairudiwi. Na huko vijijini wapo ambao mpaka leo, wakisikia kicheko kile redioni, husema yule ndiye mjane aliyekwenda kujirashia marashi. Redio bado inamchekesha. Nilimwomba meneja aifute sauti ile, akaniuliza mimi ni nani.

Eda ilipokwisha nilikutana na Bi Mwanaidi sokoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akanitazama, akatikisa kichwa kuitikia, akapita. Tangu hapo ni hivyo hivyo. Akiwa na mwenye mboga huongea vizuri tu, nasikia kwa mbali, ila nikisogea ananyamaza. Mbele yangu hatoi sauti.

Vijana wenzangu mnaochezea sauti za watu kwenye simu na kompyuta mkaona ni utundu tu, nawaomba: nendeni kwanza kwa mwenye sauti mkamwulize. Na mkishamkosea mtu, msingoje mfukuzwe kazi ndipo mseme kweli. Aliyekuja kuuliza akianza kushuka ngazi, inukeni hapo mlipokaa, mmkimbilie!