Gari la Ekari Tatu

Niseme mapema, mtu asije akanihurumia bure: gari lile mimi ndiye niliyelipitisha. Mimi ni fundi wa magari hapa Amalemba, miaka ishirini na zaidi mikono yangu inanuka grisi, na mdomo wangu ni mchafu kuliko mikono. Mteja akiniletea gari alilouziwa vibaya simbembelezi. Namwuliza, "Siku ya kununua ulikuwa umefumba macho ama?" Halafu namtengenezea. Watu wamenizoea hivyo.

Kwa hivyo dada yangu aliponipigia simu kusema kuna mtu anatoka Kisumu Jumamosi kuangalia gari la marehemu mumewe, na kwamba anataka mimi niwepo niseme bei, sikushangaa. Ningeshangaa, tena ningekasirika, kama angemwita mwingine. Huyu dada ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. "Mwana wa mama," aliniambia, "bei ikiwa nzuri, nitarudisha shamba langu."

Shamba lenyewe ni ekari tatu kule Lugari, ambazo shemeji aliachiwa na babake. Kwa karatasi lilikuwa la shemeji, lakini aliyelijua ni dada. Wakati wa kupanda alikuwa anahamia huko wiki nzima nzima, na mahindi yake yalilisha nyumba yake na yangu pia. Aliyelinunua alikuwa amemwambia yuko tayari kumwuzia tena, mradi aje kabla ya mvua. Dada hakuwa na kitu kingine cha kuuza ila gari.

Shemeji alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, suruali zake zina mkunjo hata siku ya kuchinja ng'ombe. Tangu utotoni alilipenda gari moja la Kitaliano aliloliona kwenye kalenda: milango miwili, viti viwili, tumbo liko chini karibu na barabara. Alipostaafu alisikia liko moja linauzwa Nairobi. Mwuzaji alimwambia magari ya aina hiyo hayashuki bei kama haya yetu ya kawaida, yanapanda. Shemeji akapiga hesabu zake, akaamini. Dada alikataa miezi miwili. Mwishowe akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naumia: "Ndugu yangu akiliangalia, aseme bei ni ya haki, basi uza shamba."

Nilikwenda Nairobi nimevaa suti. Aki ya nani, suti! Ile niliyofungia ndoa. Nilijiambia fundi anayeitwa kuangalia gari kama hilo hawezi kufika na ovaroli. Na kazi nilikuwa naijua. Najua kwamba bei ya haki si ile iliyoandikwa kwenye kioo, ni ile ambayo mtu wa mwisho alikubali kutoa kwa gari kama hilo. Najua injini inafaa kuwashwa ikiwa baridi, kwa sababu ikiwa ya moto inaficha magonjwa. Najua kilomita chache si sifa, gari lililolala sana huoza mipira. Na kabla ya yote hayo, unapiga magoti, unainua mazulia, unaangalia sakafu.

Injini tuliikuta ya moto. Niligusa boneti nikasikia joto, nikanyamaza. Yule mwuzaji aliniita "bwana mhandisi", akaliwasha, na ule mlio ukanipanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye meno. Chini kulikuwa na maji na oili. Nikaitazama suruali yangu. Sikupiga magoti. Nilizunguka nikigonga mabati kwa kidole, nikauliza maswali mawili matatu ya kujionyesha, kisha nikamwambia shemeji, "Bei ni ya haki. Chukua." Aliupokea mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

Miaka sita gari lilikaa kwao Khayega chini ya turubai. Jumapili baada ya kanisa shemeji analiosha, anafika nalo sokoni polepole, anageuza, anarudi. Basi. Mimi nilikuwa simwachi. "Shemeji, hili ni la kuendesha ama la kuotesha uyoga?" Yeye anacheka tu. Na tukiketi kula ingokho, kuku wa kwetu, ile imondo, yaani firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma, anaichukua na kuiweka kwenye sahani yangu. "Fundi wangu ale," anasema. Kichwa kinanivimba.

Mwaka jana presha ilimwangusha shambani mwa jirani, na hatukufika naye hospitalini.

Mnunuzi alifika Jumamosi saa nne, daktari wa meno, kijana mwenye adabu, amekuja na mkewe mjamzito. Alinisalimia, akaniambia wazi, "Fundi, najua mwenye gari ni dada yako. Lakini nimeuliza mjini, nimeambiwa wewe husemi uongo." Dada alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Alinitazama, halafu akaingia ndani kupika.

Safari hii nilikuwa na ovaroli. Tuliliwasha likiwa baridi, likaitika vizuri. Matairi yalikuwa yamezeeka bila kwisha, hayo yanabadilishwa. Kiti cha dereva hakikuwa kimelika. Nilianza kufurahi. Nilikuwa tayari nimeshalirudisha lile shamba kichwani, namwona dada anagawa mbegu. Nikapiga magoti, nikainua zulia nyuma ya viti.

Mama yangu! Sakafu ilikuwa na kovu kutoka ukingo huu mpaka ule. Mtu alikuwa amechukua mbele ya gari moja na nyuma ya gari lingine, akayachomelea, akapaka puti na rangi, akalaza zulia juu. Kovu lilikuwa la kale, limeshika kutu pembeni. Halikuwa jambo la jana wala la juzi. Lilikuwepo Nairobi, hatua mbili kutoka mahali nilipokuwa nimesimama na suti yangu.

Daktari aliuliza, "Kuna nini, fundi?" Ningeweza kulirudisha zulia. Nasema ukweli, mkono wangu ulikuwa umeshalishika. Ningesema bei, angelipa, ekari tatu zingerudi kwa mtu aliyezilima. Halafu nikamwona mkewe ameegemea ukuta wa jikoni, mkono juu ya tumbo, anangoja kwenda nyumbani. Gari kama lile likikimbizwa kwenye barabara ya Kisumu, likiingia shimo moja, linaweza kukatika pale pale.

"Njoo uone," nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alilipiga picha, akashauriana na mkewe, akasema anaweza kulichukua kwa bei ya vipuri: injini, gia, milango. Nilijua ni bei ya haki. Haikufika hata nusu ekari. Nilimpelekea dada habari hiyo jikoni, na yeye akasema tu, "Achukue." Hakubishana. Mwanamke anayebishana juu ya bei ya sukuma wiki mpaka mwuzaji anaomba msamaha!

Walipoondoka kwenda kutafuta lori la kulibeba, nilikaa kwenye kigoda chake nikamwambia, "Dada, kosa ni langu. Lilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikuangalia."

Alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu. Hakuacha kusonga. "Najua," akasema. "Na yeye alijua."

Akaniambia. Mwaka wa pili taa ya nyuma iliharibika, na siku hiyo mimi nilikuwa nimesafiri, shemeji akampa fundi mwingine. Huyo fundi akainua zulia. Shemeji alirudi nyumbani hakula siku mbili. Kisha akamwambia mkewe, "Ndugu yako asijue. Akijua, hatashika spana tena." Ndiyo maana hakuwahi kulipeleka mbali. Alikuwa analiogopa, na mimi nikimcheka kwamba anaogopa vumbi. Hata siku ya mazishi yake niliposhika maikrofoni niliwachekesha watu kwa hadithi ya mwalimu na gari lake la uyoga. Dada alikuwa ameketi mstari wa mbele, ananisikiliza.

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia kwa sauti mpaka kuku wakatoka jikoni. Nilipopata pumzi nilimwuliza kitu ambacho afadhali ningekiacha.

"Sasa kama ulijua, mbona ukaniita mimi?"

Alipakua obusuma kwenye sahani, akaulainisha kwa mwiko uliolowa, polepole, kama aliye na siku nzima.

"Fundi mwingine yeyote angeliona," akasema. "Wewe mara ya kwanza hukuliona."

Hakusema kwa hasira. Heri angenitukana, matusi nayajua. Alisema vile mtu anavyosema mvua imechelewa. Kisha akanawa mikono, akaniletea maji na mimi ninawe, tukala hatuangaliani.

Mvua ilinyesha mapema mwaka huu. Mwenye shamba alipanda. Dada yangu sasa ananunua unga dukani, pakiti ya kilo mbili, na ninapomtembelea namwambia nimekula nyumbani.