Mazishi Niliyoyatazama Kitandani

Ujinga wangu ni huu: niliona uvivu kwenda mazishi ya shangazi kule Njoro, nikaweka kwenye simu programu ya kuyatazama nikiwa kitandani hapa Nakuru. Aliyenitumia ni shemeji, mume ambaye dada yangu alimtoroka. "Najua wewe hutoki," aliandika. Alinijua. Simu ikaomba ruhusa ya kuona kila kitu kwenye skrini. Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, maana kwaya ilikuwa imeanza.

Dada alikuwa amejificha mtaa wa Karagita, mbali na huyo mume, na ni mimi tu niliyejua. Jioni nikaanza kumwandikia kwamba bwana wake nimemwona kwenye video, amenona, shingo imepotea ndani ya kola. Nikaona si vizuri kumcheka mtu wa msibani, nikafuta bila kutuma.

Kesho yake shemeji akapiga. Akauliza habari za mvua, kisha akasema polepole, "Shemeji, kwani shingo yangu imeenda wapi?"

Nikacheka naye. Ningefanya nini? Baadaye niliifunika simu kwa mto, kama kuku anayekataa kutaga. Nilipoifunua, ilikuwa na joto, na hakuna aliyeigusa.

Nikavaa slipa nikaenda mlango wa pili, ambayo kwangu ni safari. Jirani huyo kazi yake ni kulinda kompyuta za ofisi moja mjini. Nilimwambia pengine nimerogwa. Hakucheka. Alifungua programu ya benki kwenye simu yangu. Ikakataa kufunguka, ikionya kwamba skrini inatazamwa. Akaangalia ni nani anakula bundles zangu za intaneti. Ile programu ya mazishi ilikuwa imejibadilisha jina, inajiita saa. Kila nilichofungua au kuandika, hata nikikifuta, ilikipiga picha na kukituma.

Akaniuliza leo nimefungua nini. Nikamweleza yote, habari za dada na za shemeji. Asubuhi nilikuwa nimefungua ujumbe wa dada akinielekeza kwake: nyuma ya kinu cha unga, mlango wa buluu.

Nikanyoosha kidole niifute. Akaushika mkono wangu, akanipa simu yake.

"Usifute, atajua umemwona. Mpigie dadako na hii, atoke hapo saa hii. Halafu uende Karagita wewe mwenyewe umhamishe, kwa sababu huyo bwana akimpata, mazishi ya dadako hutayaangalia kitandani."