Viziwi Watano Tulivyopandisha Bei ya Jogoo Kanisani

Wakuu, kuna Jumapili nilinunua jogoo kanisani bila kujua kwamba nanunua. Kwa bei ile ningepata mbuzi, tena na ndimu za kuchomea.

Naitwa Brightness, kiziwi tangu utotoni, fundi cherehani hapa Kariakoo, karibu na Msimbazi. Msinionee huruma. Kwa umbea nawazidi wengi wenu, maana nasoma midomo hadi ng'ambo ya barabara.

Siku hiyo nilienda kuaga.

Kanisa letu la Ilala nalipenda, lakini kwa miaka sita nilikuwa nakaa nyuma kabisa, wenzangu wakisimama nasimama, wakikaa nakaa. Mahubiri siambulii kitu. Rafiki yangu Candida, yeye anasikia, alijitolea kututafsiria ibada kwa lugha ya alama sisi viziwi watano tunaosali pale. Mzee wa kanisa, mzee Rogath, akakataa katakata.

"Akisimama pale mbele atawachanganya waumini."

Iliniuma jamani. Nikaona mzee ana kiburi, nikasema basi, nahama.

Sasa kwetu ibada ikiisha, sadaka za mayai, miwa na kuku zinanadiwa uani. Mnadi ni huyo huyo mzee Rogath. Ukinyoosha mkono tu, umepandisha bei.

Kashika jogoo mwekundu, mara Allan akaingia getini mbio. Allan ni fundi simu, kiziwi mwenzetu. Akapunga mkono ili tumwone.

Mzee akamnyooshea kidole. Bei juu!

Nikamuuliza kwa alama kutoka upande wa pili, "Kuna nini?"

Bei juu!

"Mke wangu kajifungua! Mapacha!"

Weee! Viziwi tukishangilia hatupigi makofi, tunatikisa mikono hewani. Watano wote tukatikisa. Allan anatikisa huku anaruka. Mzee anageuka huku, anageuka kule, jasho linamtoka kwa furaha, jogoo naye anapiga mbawa.

Nilisimuliwa baadaye kwamba watu walikuwa wanapiga kelele, "Mzee, hao hawanunui! Wanaongea!"

Mzee hana habari. Anapandisha tu.

Nakuja kushtuka, jogoo yuko mapajani kwangu na mzee kanyoosha kiganja anataka hela.

"Sijanunua!" nikamwambia kwa alama. Allan akaja kunitetea kwa mikono miwili. Mzee akapandisha bei tena!

Watu hoi. Kuna mama alikaa chini kabisa kwa kucheka. Mchungaji alipoona mambo yamemshinda, akamwita Candida.

"Binti, njoo hapa mbele utusaidie. Wanasemaje hawa?"

Candida akasimama mbele ya watu wote. Nikaona nafasi hii siiachii.

"Mwambie mchungaji," nikasema, "miaka sita naona jinsi kuku wake wanavyouzwa, ila mahubiri yake sijapata hata moja. Leo nilikuja kuaga."

Candida alitafsiri machozi yakimtoka. Vicheko vikakatika. Ilikuwa mara ya kwanza kanisa zima kunisikiliza mimi.

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri mzee Rogath. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa Candida, hayabanduki. Mimi naijua namna hiyo ya kutazama. Ni yangu.

Nikaandika kwenye simu, nikamwonyesha yeye peke yake. "Shikamoo mzee. Na wewe husikii?"

Akaikinga simu kwa kiganja watu wasione, akanijibu polepole kwa midomo tu.

"Marahaba mwanangu. Mwaka wa pili huu. Nakaa kiti cha mbele nisome mdomo wa mchungaji. Huyu binti angesimama pale angenikinga nisimwone."

Nilicheka mpaka nikalia. Mzee naye akacheka, kisha akalia kweli.

Jogoo mzee alimlipia mwenyewe, akaenda kuwa supu ya mama mapacha. Baadaye aliwaeleza waumini ukweli wake wote, na ndiyo maana kaniruhusu niandike haya. Sikuhama. Candida anatafsiri kila Jumapili, na mzee anakaa safu yetu anajifunza alama. Vidole vizito balaa, juzi alitaka kunisalimia akanitukana.

Hujafa hujaumbika, ndugu zangu. Na kabla hujasema mtu ana kiburi, hakikisha kwanza kama anakusikia.