Kichwa cha Mama Mkwe Katikati ya Maua

Mimi ni mpiga picha, na kwa miaka mingi nimejisifu kuwa nina jicho. Wateja wangu wa pasipoti hawajawahi kunibishia. Mtu aliyeketi mbele ya shuka jeupe hata mbuzi atamwona.

Siku moja akaja mama mkwe. "Mkwe wangu," akasema, "kwenye picha zote za ukoo mimi niko nyuma ya bega la mtu. Nataka moja ya ukutani, nionekane mimi."

Kwa heshima yake nikaondoa shuka, nikatundika pazia jipya la maua mekundu alilonishonea mke wangu. Kitambaa kilichobaki alikuwa amemshonea mama yake gauni, na ndilo mama mkwe alilovaa siku hiyo. Sikushtuka hata kidogo, mimi mwenye jicho. Mama mkwe hatulii: mara anafunga kilemba upya, mara ananikosoa ninavyosimama. Nilimwona vizuri kabisa.

"Tulia, mama. Hata usipumue."

Akatulia. Nikapiga, nikakagua tu kama hakufumba macho.

Mashine ya kuchapa picha ikatoa kichwa kimoja, mikono miwili na maua. Mwili hakuna. Kumbe ubongo humtenga mtu na kilicho nyuma yake kwa kutafuta ukingo, pale rangi moja inapoishia na nyingine inapoanza. Ukingo ukipotea, ubongo huokolewa na mwendo, kwa maana vinavyosogea pamoja huvihesabu kuwa kitu kimoja. Panzi kwenye majani humwoni mpaka aruke, na mimi ndiye niliyemwamuru mama mkwe asiruke.

Mama mkwe akaitazama picha. "Hata nikiwa peke yangu," akasema taratibu, "bado niko nyuma."

Bora angenitukana. Iliniuma sana.

Nikang'oa pazia, nikamsimamisha kwenye ukuta mtupu uliobanduka rangi. "Sasa usitulie, mama. Niambie unalionaje hili jicho langu."

Hakuhitaji kubembelezwa.

Picha hiyo iko sebuleni kwake, kubwa kuliko zote: mdomo wazi, kidole juu, gauni likionekana mpaka pindo. Wageni humuuliza alikuwa anamgombeza nani.

"Mpiga picha," hujibu, akinitafuta kwa macho. Hapo mimi huwa nimeshajibanza nyuma ya bega la mke wangu.